Filta ya hewa ya kuosha: itakufaa kwenye vumbi la Nakuru na Kisumu?

Filta ya hewa ya pamba, ile nyekundu inayooshwa, kupakwa mafuta na kurudishwa kwenye gari, huuzwa kwa ahadi tatu: gari litapata nguvu, litapunguza kunywa petroli, na mwenyewe hatanunua ea klina nyingine, ile filta ya kawaida ya karatasi. Ahadi ya tatu inaweza kutimia. Ya kwanza ni ndogo mno kuhisika kwenye Probox au Fielder ya kawaida. Ya pili, kwa gari la petroli lenye injekta, haipo. Kuna jambo la nne ambalo muuzaji halitaji, na kwa anayeendesha kati ya Njoro na Molo, au Ahero na Muhoroni, ndilo zito kuliko yote: ni vumbi kiasi gani linapenya na kuingia kwenye injini?

Tuanze na hewa yenyewe. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74, kwa hiyo huchomwa pamoja na kilo 11 hivi za hewa. Nakuru mjini, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kilo hizo 11 ni zaidi ya lita 11,000. Gari likitumia lita 12 kutoka Nakuru hadi Kisumu, limevuta karibu lita 130,000 za hewa kupitia kipande kimoja cha karatasi au pamba kinachoenea mikononi mwako.

Hewa hiyo ina nini ndani? Upande wa Nakuru na Gilgil udongo mwingi ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaoelea hewani muda mrefu baada ya lori kupita. Uwanda wa Kano una udongo mweusi ambao ukikauka hupasuka na kusagwa na magurudumu hadi ukawa unga. Kakamega na Vihiga ni marramu nyekundu. Katika vumbi hili kuna punje za kwotsi, zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ugumu unaoshinda chuma cha silinda. Punje kubwa zinazoonekana kwa macho hunaswa na filta yoyote ile. Zinazoua injini ni zile za maikroni 5 hadi 20 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa sababu unene wake unakaribiana na ule utando wa mafuta ulio kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zikiingia hapo husaga pande zote mbili. Dalili huja polepole: gari linaanza kula oili, moshi wa bluu unatokea asubuhi, kompresheni inashuka, na fundi anatangaza kwamba ringi zimekwisha.

Nguvu: hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Filta yoyote huizuia hewa kidogo. Kizuizi hicho hupimwa kwa kilopaskali, na kilopaskali moja ni sawa na maji yaliyoinuka sentimita 10 hivi kwenye mpira. Wenye malori wanajua kipimo hiki kwa sura nyingine: ni kile kidude cha plastiki kwenye boksi la filta kinachogeuka chekundu filta ikiziba.

Ukitaka kujua kama filta ya pamba italisaidia gari lako, chukua mpira mwangavu kama ule wa kupimia usawa kwa maji unaotumiwa na waashi, ukunje kwa umbo la U, tia maji kidogo, kisha uunganishe ncha moja kwenye bomba la hewa kati ya filta na throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Acha angalau sentimita 60 za mpira mtupu juu ya maji ili yasivutwe hadi kwenye injini. Mtu mmoja aendeshe na mwingine ashike mpira na kusoma. Panda mlima, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini: kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, au kutoka Mamboleo kupanda Riat. Soma tofauti ya maji kwa filta ya karatasi mpya, halafu kwa ile ya pamba, mahali palepale na kwa gia ileile.

Tuseme umeona tofauti ya sentimita 5. Hiyo ni nusu kilopaskali. Shinikizo la hewa Nakuru ni karibu kilopaskali 81, kwa hiyo umeongeza hewa kwa asilimia 0.6 hivi. Kwa urefu wa huku kwetu, nusu kilopaskali ndiyo unayopoteza ukipanda mita 50 tu za mlima. Mombasa hewa ina kilopaskali 101, Kisumu 88. Ukishalitoa gari Kisumu na kulifikisha Nakuru, umeshapoteza mara kumi na zaidi ya kile ambacho filta ingekurudishia. Ndiyo maana anayesema gari lake limechangamka baada ya kuweka filta ya pamba, mara nyingi alitoa ea klina iliyoziba kabisa. Ile ya karatasi ya bei ya kawaida, ikiwa mpya, ingemchangamshia gari vilevile.

Kuhusu mafuta, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ililipima suala hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kwa magari ya injekta, hata filta ilipozibwa sana, ulaji wa petroli haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchapuka. Gari la zamani la kabureta ndilo lililokula zaidi. Sababu ni kwamba gari la petroli tayari lina kizuizi kingine kikubwa, throto, unachokifungua na kukifunga kwa mguu. Filta ikiziba kidogo, wewe unakanyaga kidogo zaidi, throto inafunguka zaidi, na hewa inayofika kwenye silinda inabaki ileile. Sensa inaipima, kompyuta inatoa petroli inayolingana nayo. Kabureta haina sensa, kwa hiyo njia ya hewa ikibanwa, mchanganyiko unazidi petroli.

Vumbi linalopita

Karatasi nzuri ya kiwandani hunasa asilimia 99 na zaidi ya vumbi la majaribio kwenye kipimo cha kimataifa cha ISO 5011. Watengenezaji wa filta za pamba hutaja kati ya asilimia 96 na 99. Ukisoma haraka, tofauti ni ya senti. Geuza hesabu uangalie kilichopita. Filta ya asilimia 99.5 imeachia gramu 5 katika kila kilo ya vumbi. Ya asilimia 97 imeachia gramu 30, yaani mara sita. Kwa mtu wa lami tupu, anayetoka Milimani kwenda kazini na kurudi, vumbi lenyewe ni kidogo na mara sita ya kidogo bado ni kidogo. Kwa pikapu inayofuata trekta za miwa Chemelil mwezi wa Januari, hesabu ni nyingine kabisa, na huyo tungemshauri abaki na karatasi nzuri.

Tofauti hii inatokana na namna kila moja inavyofanya kazi. Karatasi ina vitundu vidogo sana, na vumbi linalonaswa juu yake hujenga tabaka ambalo nalo linachuja, kwa hiyo karatasi iliyochafuka kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Kuibadilisha kila mwezi kwa kuogopa vumbi ni kutupa pesa. Pamba ina nafasi kubwa kati ya nyuzi, na kinachonasa punje ndogo ni mafuta yenye kunata yaliyopakwa kwenye nyuzi hizo. Pamba bila mafuta ni chandarua. Kwa sababu hiyohiyo, ukiinua filta ya pamba kuelekea jua utaona nukta za mwanga, na hilo si kasoro. Ukiziona nukta hizo kwenye filta ya karatasi, imetoboka, itupe.

Zipo pia filta za kuosha zisizotumia mafuta, za nyuzi za plastiki, zinazosafishwa kwa maji na sabuni nyepesi. Hazibani sana, hazina hatari ya mafuta kufika kwenye sensa, na kwa mtu asiye na subira ya kupaka na kungoja ndizo tungemwelekeza.

Ama ile filta ya koni, inayowekwa wazi ndani ya boneti baada ya boksi la kiwandani kung'olewa, tunaikataa waziwazi kwa gari la kazi. Boksi la kiwandani huvuta hewa ya nje, mbele ya rejeta. Koni huvuta hewa iliyopashwa na injini, na kila joto likipanda nyuzi 10 hewa hupungua uzito kwa asilimia 3 hivi. Kwenye foleni ya Kondele saa nane mchana, ndani ya boneti kunaweza kuwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya nje, na hapo umepoteza asilimia 9 ya hewa ili upate mngurumo. Mvua nazo: mafuriko yakivuka barabara maeneo ya Ahero, koni iliyoning'inia chini huvuta maji, na maji hayabanwi na pistoni. Kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoibeba pistoni.

Kuiweka kwenye Probox, Vitz au Fielder ya injini ya 1NZ

Utakayonunua ni ya kuingia kwenye boksi lilelile la kiwandani. Ipime dukani juu ya filta yako ya zamani: urefu, upana na hasa unene wa ukingo wa raba. Ukingo ndio unaofunga njia za panya. Ikiwa fundi analazimika kuukata kwa wembe ili kifuniko kifunge, hiyo si filta ya gari lako. Bandia ni nyingi madukani. Angalia kama mikunjo imelingana, wavu haujashika kutu, na raba inarudi ukiibonyeza kwa kidole.

Zima injini. Kwenye 1NZ sensa ya hewa imechomekwa kwenye kifuniko cha boksi, kwa hiyo chomoa plagi yake kwanza ili waya usivutike, kisha fungua klipu na uinue kifuniko. Toa filta ya zamani kwa kuiinamisha taratibu, vumbi lisimwagikie upande safi. Boksi la chini utakuta lina mchanga, majani, na upande wa ziwani wale wadudu wadogo wanaotanda Kisumu jioni. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Usilipulize kwa kompresa, maana vumbi litarukia pale pale ambapo filta ingelizuia. Weka filta, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote uhakikishe umekaa ndani ya mfereji wake, funga klipu, rudisha plagi ya sensa. Ukiisahau, taa ya injini itawaka na gari litakuwa zito.

Baada ya kilomita 500, nyingine zikiwa za marramu, fungua bomba lililo baada ya filta na ulipanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi la kahawia, kuna mahali panavuja. Ili kupajua, paka grisi nyembamba kwenye uso wa boksi ambapo ukingo wa raba unakalia, upande safi, endesha siku chache, kisha uangalie: mstari wa vumbi kwenye grisi unaonyesha kona yenyewe. Kipimo hiki kifanye hata kama unatumia karatasi. Klipu moja iliyolegea hupitisha vumbi kuliko tofauti yoyote ya pamba na karatasi.

Sensa, na mafuta yaliyozidi

Ndani ya sensa ya hewa kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta hujua uzito wa hewa kwa kuangalia umeme unaohitajika kuudumisha joto. Filta iliyomiminiwa mafuta kupita kiasi huachia matone madogo, yanagandia waya, vumbi linagandia juu yake, na waya haupoi inavyotakiwa. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo, mchanganyiko unakosa petroli. Gari linashtuka ukiondoka, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, na mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha P0171 (mchanganyiko umekosa petroli) au P0101 (hitilafu ya sensa ya hewa).

Kabla hujaweka filta ya pamba, soma kwa mashine hiyo marekebisho ya muda mrefu ya petroli (long term fuel trim), injini ikiwa imeshapata joto. Andika namba. Soma tena baada ya wiki mbili. Ikiwa imepanda zaidi ya asilimia 10 upande wa kuongeza, shuku sensa. Isafishwe kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa na kuachwa ikauke kabisa. Dawa ya kabureta, brashi, au kitambaa kwenye waya ule ni kununua sensa nyingine.

Kuosha

Hapa ndipo filta nyingi nzuri huharibiwa, kwa kawaida mahali pa kuoshea magari, na kijana mwenye nia njema na mashine ya maji ya presha. Maji ya presha husukuma nyuzi za pamba kando na kuacha njia ambazo hazitajifunga tena.

Gonga filta taratibu itoe mchanga. Puliza dawa ya kuosha pande zote mbili hadi ilowe, iache dakika 10 kivulini, isikauke. Suuza kwa maji baridi ya bomba yenye kasi ndogo, yakitoka upande safi kwenda upande mchafu, ili uchafu urudi ulikotoka. Maji yakiendelea kutoka na rangi, rudia. Petroli, mafuta ya taa na sabuni kali ya unga hulainisha gundi na raba, usivitumie. Kung'uta maji, kisha iache ikauke yenyewe. Kompresa hutoboa pamba, na moto huikunja. Msimu wa mvua Kisumu, hewa ikiwa na unyevu, kukauka kunaweza kuchukua usiku mzima na zaidi, kwa hiyo weka ea klina ya karatasi ya akiba. Gari lisitembee hata kilomita moja bila filta.

Ikikauka kabisa, na hii kabisa ni muhimu kwa kuwa mafuta hayashiki kwenye pamba yenye maji, paka mafuta ya filta upande mchafu. Kwa kopo la kupuliza, pita mara moja juu ya kila mkunjo kwa umbali wa sentimita 7 au 8. Kwa chupa ya kudondosha, mstari mmoja mwembamba kwenye kilele cha kila mkunjo. Ngoja dakika 20. Rangi nyekundu itasambaa. Palipobaki peupe ongeza kidogo, palipojaa panguse. Ukiibonyeza kwa karatasi ya tishu na tishu ikatoka imelowa, mafuta yamezidi. Oili ya injini, ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) au mafuta ya kupikia hayafai: hayanati vya kutosha, huvutwa na hewa, na yataishia kwenye sensa.

Lini? K&N, kampuni iliyoanzia California mwaka 1969 na kuieneza aina hii, hutaja maili 50,000, yaani kilomita 80,000, kwa filta zake nyingi za boksi la kiwandani katika barabara za kawaida, na muda mfupi zaidi penye vumbi. Namba hiyo usiibebe kwenda nayo Marigat. Ikague kila ukibadilisha oili. Ukiona nyuzi za wavu hazionekani tena chini ya uchafu, ioshe. Kama bado unaziona, iache, maana kila kuosha ni nafasi ya kukosea.

Pesa

Chukua mfano, kisha uweke bei za duka lako. Karatasi shilingi 1,000, pamba 9,000, dawa na mafuta ya kuosha 2,500 kwa mara sita. Kila kuosha ni shilingi 417 hivi, kwa hiyo kila mara unaokoa 583 dhidi ya kununua karatasi. Pengo la 8,000 la mwanzo linazibwa baada ya kuosha mara 14. Kama ni kila kilomita 10,000, hizo ni kilomita 140,000. Mtu wa kilomita 30,000 kwa mwaka atangoja karibu miaka mitano, na huenda atauza gari kabla. Matatu ya kilomita 80,000 kwa mwaka inarudisha pesa kabla ya miaka miwili, ikiwa anayeosha ni mtu mmoja anayejua kazi, na si kila dereva wa zamu.

Kwa dizeli yenye turbo, Hilux au lori dogo, hewa inayovutwa ni nyingi zaidi, na vumbi linalopita hula kwanza ncha za mapezi ya turbo kabla halijafika kwenye ringi. Pesa ya filta ya pamba ingefaa zaidi ikinunua kichujio cha awali, kile kikombe cha juu kinachozungusha hewa na kuangusha vumbi zito kabla halijafika kwenye karatasi. Kabla hata ya hapo, angalia chini ya boksi la filta. Magari mengi ya aina hii yana ulimi wa raba unaofunguka wenyewe na kumwaga vumbi. Uminye kwa vidole kila wiki. Ukiwa umegandamana kwa tope, vumbi linajaa ndani ya boksi, na ukiwa umekatika, vumbi la magurudumu linaingia kutoka chini moja kwa moja hadi kwenye filta.